Onyesha Mstari

Yombo Vituka, darasa la sita B,
wanafunzi tisini na wanne, vitabu ishirini na sita.
Ndege ikishuka Kipawa nanyamaza katikati ya sentensi,
chaki hewani,
na bati likiacha kutetemeka nawauliza:
nilikuwa nimefika wapi?
Hapo wote wanajua.

Habari ya ufahamu ni fupi, mistari kumi na minne.
Bi Siwatu anauza cherehani chake.
Swali la nne: Kwa nini alikiuza?

Nikabeba madaftari nyumbani kwenye kiroba cha mchele,
nikayapanga mezani kando ya ungo wa choroko.
Umeme ukakatika nikiwa daftari la thelathini.
Nikawasha tochi ya simu.

Ngwali amejibu: "Kwa sababu."
Nukta. Nukta nzuri, ya duara, ameikoleza wino.
Kwa sababu gani, baba?
Umebisha hodi, ukakimbia.

Mwantumu amenakili habari yote,
kuanzia kichwa mpaka namba ya ukurasa,
kama mtu aliyetumwa chumvi
akarudi na duka.

Shukurani ameanza vizuri:
"Bi Siwatu alikiuza cherehani chake ili..."
Amelifanya swali kuwa ngazi, kama nilivyowafundisha,
amekanyaga kila kipago,
na juu kabisa nimemkuta
shangazi yake wa Kibiti, ambaye naye ana cherehani,
na ni mkali.

Nikacheka peke yangu. Nikaweka sufuri.
Nikaandika pembeni: Jibu limo ndani ya habari. Rudi ukasome.
Nimeandika hivyo mara ngapi?
Wino mwekundu huisha kabla ya mwezi, sawa na mshahara.

Mwongozo unasema: ili apate kodi ya nyumba. Alama mbili.

Daftari la Tumpale lilikuwa chini kabisa ya fungu.
"Bi Siwatu alikiuza cherehani chake kwa sababu ya kodi,
lakini alikiuza asubuhi kwa sababu ya aibu."
Nikalitafuta neno aibu kwa tochi, mstari kwa mstari.
Halimo.
Nikaikata ile nusu ya pili. Umeongeza yasiyomo. Alama moja.
Nikalala.

Kesho yake, saa ya uji, akaja mezani kwangu
na kitabu alichokiazima.
Hakubishana. Aliweka kidole tu,
ukoko wa uji kwenye ukucha,
mstari wa tisa:
"Alisubiri mwanawe apotelee kwenye kona ya shule,
ndipo akamwita mnunuzi."

Miaka kumi na mmoja nafundisha habari hii.
Kumi na mmoja nimeupita mstari huo
kama nyumba ya jirani niliyodhani haina watu.

"Umejuaje kuwa ni aibu?"
Hakunitazama.
"Mwalimu, kama si aibu
angemwita mtoto awasaidie kubeba."

Ndege ikapita. Tukangoja, mimi na yeye,
kidole palepale, asiupoteze mstari.
Sikumuuliza kwao wameuza nini.
Swali hilo halikuwamo kwenye karatasi.

Wino mwekundu haufutiki.
Nikaukata mkato wangu,
nikaandika mbili juu ya moja
na saini kando, kama wanavyotaka benki.

Kipindi cha tatu nikaandika ubaoni yale ya siku zote:
Soma swali mara mbili. Jibu kwa sentensi kamili. Tumia maneno yako.
Chini yake, kwa herufi zilizomaliza chaki:
ONYESHA MSTARI.

Ngwali akanyoosha mkono.
"Kwa nini, mwalimu?"

"Kwa sababu," nikaanza,
na ndege nyingine ikaanza kushuka.
Bati likatetemeka. Chaki hewani.
Tisini na wanne, wakimya kabisa,
wakaningoja nimalize.